Bendera ya Kigango: Ukubwa, Kitambaa na Heshima



Mwaka wa kichungaji humpa frateri kazi nyingi ambazo hazimo katika vitabu vya falsafa wala vya teolojia. Sisi watatu tuliotumwa Unguja tulifundisha katekesi, tulihesabu sadaka, tulipaka chokaa kuta za kanisa. Kisha Baba Paroko akatukabidhi kazi nyingine: kutafuta bendera mpya ya Zanzibar kwa ajili ya shule ya chekechea ya kigango kimoja cha shamba, upande wa mashariki wa kisiwa, hatua chache tu kutoka baharini.

Bendera iliyokuwapo ilikuwa na umri wa miezi michache tu, lakini ilionekana kuukuu. Upande unaopepea ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi. Buluu ilikuwa imepauka, kijani kimekaribia weupe, nyeusi imegeuka kahawia. Mwalimu mkuu ni mama Mwislamu, kama walivyo Waislamu karibu watoto wake wote. Alituambia kwa upole, "Wanangu, mimi nawafundisha hawa watoto kwamba buluu ni bahari, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi. Sasa wakitazama juu, hao watu wako wapi?"

Swali hilo lilitufanya tuichukue kazi ile kwa uzito. Unguja bendera haijawahi kuwa kitambaa tu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga kasri ya Sultani kwa mizinga. Mapigano hayakufika hata saa moja, na yalikoma bendera ya kasri ilipoangushwa. Tarehe 10 Desemba 1963 ilipandishwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa, na baada ya Muungano wa 26 Aprili mwaka huohuo ikaja bendera ya Tanzania tunayoijua. Zanzibar ilikaa miaka 40 hivi kabla ya kupandisha tena bendera yake yenyewe, Januari 2005: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na bendera ya Muungano katika pembe ya juu karibu na mlingoti. Wazee wa kisiwa wameona bendera zikishuka na kupanda. Hawazitazami kama mapambo.

Katika kamati ya kigango jambo la kwanza kujadiliwa lilikuwa ukubwa. Baadhi ya waamini walitaka bendera kubwa sana, ya sentimita 180 kwa 270. Sababu yao tuliielewa. Wakristo wa Unguja ni wachache, wengi wao wametoka bara, na wako wanaoishi na hofu ya kuonekana wageni. Mzee mmoja wa kigango alisema, "Tukipandisha kubwa, hakuna atakayeuliza kama tunaipenda nchi hii." Hakuna aliyemcheka. Yale maneno yalitoka mbali.

Tulikwenda Mji Mkongwe kuuliza. Kutoka kwenye kanisa la Minara Miwili tulipita vichochoro hadi kwa fundi mmoja, mzee ambaye alijifunza kushona kwenye matanga ya majahazi kabla hajawa fundi wa nguo. Baada ya shikamoo na marahaba alituuliza jambo moja tu kwanza: mlingoti wenu una urefu gani? Tulimjibu kwamba ni bomba la chuma la mita 6. "Basi bendera imekwisha kujichagua," akasema. Kanuni anayoifuata ni kwamba urefu wa bendera uwe robo ya mlingoti, au ukizidi sana theluthi. Robo ya mita 6 ni sentimita 150. Na kwa kuwa bendera yetu ina uwiano wa 2 kwa 3, upana unakuwa sentimita 100.

Alitueleza na sababu. Ile kubwa ya 180 kwa 270 ina eneo linalokaribia mita za mraba 5. Ya 100 kwa 150 ina mita moja na nusu. Upepo hausomi urefu, husoma eneo. Bendera kubwa kwenye bomba jembamba hulikunja, na pepo zikitulia huning'inia karibu kufikia vichwa vya watoto. Lakini pia alitukataza kushuka mno. Katika bendera ya sentimita 60 kwa 90, ile pembe yenye bendera ya Muungano inakuwa ndogo kiasi kwamba mistari ya manjano haishoneki vizuri. Inageuka donge la uzi, na hapo mahali pakawa pazito kuliko sehemu nyingine zote.

Baada ya ukubwa tukaja kwenye kitambaa. Fundi alitandaza vipande vinne mezani. Pamba ina rangi nzuri na inashoneka kwa raha, lakini hunywa maji. Masika huifanya nzito, na ikifungiwa mbichi hupata kuvu. Poliesta nyembamba ya kuchapwa, ile ya mashabiki wa mpira na ya kampeni, ni rahisi kwa bei, ila imetengenezwa kwa siku chache za shangwe. Ndiyo iliyokuwa juu ya mlingoti wetu. Nailoni ni nyepesi, hukauka upesi na hupepea hata kwa upepo mdogo. Poliesta nzito iliyofumwa kwa nyuzi nene huhitaji upepo wa kutosha ili ifunguke, lakini huvumilia kuvutwa na kupigwa kutwa.

"Ipi ni bora?" tuliuliza. Akajibu kwamba ubora uko mahali, hauko dukani. Kwenye ua wa Mji Mkongwe, ambako nyumba ndefu huuzuia upepo, angetushonea nailoni, la sivyo bendera ingelala mwaka mzima kama taulo. Lakini mashariki mwa kisiwa kusi hupiga moja kwa moja kutoka baharini kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ikibeba chumvi, na Desemba hadi Machi huja kaskazi. Huko ni poliesta nzito.

Kisha akatuonesha kitu ambacho macho yetu yasingekitafuta. Bendera nyingi hufa kwa ajili ya uzi. Uzi wa pamba huoza kwa chumvi na jua, mishono ikafunguka wakati kitambaa bado kizima. Kwa hiyo yeye hutumia uzi wa poliesta. Upande unaopepea, ambao hupigwa kama mjeledi, huukunja pindo na kuupitisha cherehani mara nne, na katika pembe zake mbili huongeza kipande cha pembetatu. Upande wa mlingoti huweka ukanda wa turubai na vijicho vya shaba, kwa kuwa vya chuma hutoa kutu na kuacha madoa.

Tuliporudi kigangoni na hesabu hizo, kamati ilikaa tena. Kitambaa cha bendera moja kubwa kingetosha bendera tatu za sentimita 100 kwa 150. Mwalimu mkuu ndiye aliyefunga mjadala: zishonwe mbili, moja ya kupepea na moja ya kukaa kabatini, na fedha itakayobaki inunue kamba mpya na kapi. Yule mzee aliyetaka kubwa alifikiri kidogo, kisha akasema yeye atakuwa mtu wa kuipandisha saa 12 asubuhi na kuishusha saa 12 jioni. Ameifanya kazi hiyo tangu siku ile. Watoto wanaowahi humkuta amesimama wima, nao husimama.

Kuishusha jioni ni adabu tuliyoizoea nchini mwetu, lakini pia ni matunzo: bendera inayolala ndani huepuka nusu ya upepo wa maisha yake. Mara moja kwa mwezi huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini. Nyuzi za kwanza zikitoka, pindo hushonwa siku hiyohiyo. Na kabla ya kuipandisha, mzee hutazama pembe yenye bendera ya Muungano: lazima iwe juu, upande wa mlingoti, na ndani yake kijani kiwe juu kushoto na buluu chini kulia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya 1965, unawataka raia waipende nchi yao kwa ukarimu na uaminifu, bila kuwa na mawazo finyu. Sisi tumeiona maana yake katika mita moja na nusu ya kitambaa. Upendo wenye hofu hutaka kuonekana, na huishia kuchanika mbele ya watu. Upendo mwaminifu hupima mlingoti wake, huuliza upepo unatoka wapi, na huweka akiba ya uzi. Hivyo ndivyo tunavyoomba kuwa mapadre pia: wa ukubwa unaolingana na mahali tulipotumwa, wa kitambaa kinachovumilia msimu wake, na tulio tayari kushonwa upya kila pindo linapoachia.