Panga Chakula Kabla ya Kupanga Nguo



Likizo za shule zikikaribia, wateja wangu wa Unguja wanaokuja Dar huniuliza kuhusu kuwapeleka watoto Kunduchi, kwenye mabwawa ya Wet 'n' Wild. Kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, maswali mengi huwa ya nguo za stara za kuogelea. Hizo zina siku yake, inshaallah. Leo tuzungumze chakula, maana hapo ndipo matembezi ya familia nyingi huharibika.

Mwezi wa 12 tulikwenda watu 11: mimi na mume wangu, watoto wetu wanne, wifi zangu wawili, shemeji yangu na mkewe ambaye ndoa yao haijatimiza miezi mitatu, na mama mkwe.

Mama ana kisukari, anajidunga insulini. Mara mbili alishakataa kutoka na sisi. "Nendeni tu wanangu, mimi nitalinda nyumba." Wote tulijua haogopi wezi. Akishajidunga kisha chakula kikachelewa, sukari inashuka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Na siku za likizo unaweza kusubiri sahani ya chipsi saa nzima. Nikamwambia mume wangu, safari hii tunaanza na chakula cha mama, mengine yote yatafuata hapo.

Nilianza na saa za swala. Mwezi huo Adhuhuri ya Dar inaingia kabla kidogo ya saa 6:30 mchana. Kwa hiyo: asubuhi watoto waogelee, saa 6:15 watoke majini wabadili nguo, tuswali msikiti wa jirani, saa 7:00 tuwe mezani. Daktari wa mama alishampangia saa zake, na hii ilikubaliana nazo.

Wiki moja kabla nikapiga simu mgahawa mmoja wa huko huko. Maswali yangu yalikuwa haya:

- Nyama mnanunua wapi, na anachinja nani? Sisi tunaoishi jirani na machinjio ya Vingunguti hatuoni haya kuuliza.
- Mnauza pombe? Kama mnauza, meza yetu itakuwa wapi?
- Chakula kitakuwa mezani saa ngapi? Sikuuliza tufike saa ngapi, hilo ni swali jingine.
- Mgonjwa anaruhusiwa kuingia na chakula chake? Sehemu nyingi hukataa cha kutoka nje, bora ujue mapema.

Nikachagua vyakula hapo hapo kwenye simu: wali na kuku kwa wengi, samaki wa kuchoma na mboga kwa mama. Nikatuma advansi na kuomba wanithibitishie kwa ujumbe. Fundi yeyote atakwambia, nguo isiyolipiwa kitu hukaa chini ya fungu.

Pesa ilitoka kwenye kibubu. Kila dera nililoshona tangu mwezi wa 9, niliweka shilingi 2,000.

Bibi harusi wetu nilimwita pembeni. Mgeni wa ukweni hasemi asichokula, atachezea sahani tu mpaka watu wainuke. Akaninong'oneza kwamba kamba wanamwasha mwili. Kamba wakatoka kwenye oda, na hakuna aliyejua sababu. Enyi mawifi na mashemeji, muulizeni bi harusi kabla ya safari, msimuulize mezani mbele ya baba mkwe.

Siku yenyewe tulipita Barabara ya Mandela mpaka Ubungo, tukashika Sam Nujoma, na Mwenge foleni ikatukalisha. Mama hakuwa na wasiwasi kwa sababu pochi yake ilikuwa na kipimo, juisi na biskuti. Mtume wetu (S.A.W) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Ile pochi ndiyo kamba ya ngamia wetu.

Tulipofika mgahawani, meza yetu imekaliwa na watu wengine. Sikupandisha sauti. Nilimwonyesha msimamizi ujumbe wake mwenyewe na muamala wa advansi. Dakika tano hazikuisha tukapewa meza nyingine, kivulini. Saa 7:10 samaki wa mama alikuwa mbele yake. Akala mpaka akaomba ndimu ya pili.

Baada ya chakula tulishuka ufukweni. Mama akavua viatu, akapandisha buibui kidogo, akaingiza miguu baharini huku wajukuu wamemshika huku na huku. Akasimama pale muda mrefu, hasemi kitu. Mume wangu akageuka kutazama ngalawa, nikajua anafuta machozi.

Dada yangu, kuwekewa meza si mambo ya matajiri. Simu moja inaweza kumtoa nyumbani mzee aliyezoea kuachwa. Basi kabla hujapanga nani atavaa nini, jiulize nani hula kwa saa, nani hali nini, na swala itatukuta wapi. Ukishapata majibu, piga simu.

Allah atuhifadhie wazee wetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na azitie baraka ndoa changa. Amin.