Maziwa Yaliyopashwa Moto

Kwetu Sindeni maziwa ya ng'ombe huchemshwa. Ya mama hayachemshwi. Kwa hiyo mdogo wangu alipopiga simu kutoka Ujerumani kutuambia kwamba mwanawe, aliyezaliwa na wiki 28, anapewa maziwa yake baada ya kupashwa moto hospitalini, Mama aliuliza neno moja tu: "Yana nini?"

"Yana virusi, Mama."

Neno hilo huku lina maana moja. Mama alinirudishia simu bila kuaga, akatoka nje. Kliniki zetu zimezungumzia virusi na kunyonyesha kwa miaka mingi, na habari ni ya UKIMWI. Hata kabla ya hapo kulikuwa na kubemenda: mtoto akikonda, mama yake huulizwa amelala na nani. Maziwa yakitajwa kwa ubaya, mshtakiwa hatafutwi mbali.

Lakini hivi ni virusi vingine. Vinaitwa saitomegalo, jina lililotolewa mwaka 1960 na Thomas Weller na wenzake kwa sababu seli vinazoziingia huwa kubwa kupita kiasi. Ukivipata, vinakaa nawe maisha yote, vimelala. Mwanamke anaponyonyesha huamka ndani ya titi, hata kama damu yake haionyeshi kitu, na huzidi katika maziwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 hivi.

Jioni nilimweleza Mama, wangu wa miezi tisa akinyonya. Tafiti za Zambia, Kenya na Gambia zimeonyesha kwamba watoto walio wengi huwa wamekwisha kuvipata kabla ya kutimiza mwaka. "Mimi bila shaka ninavyo, wewe pia. Na huyu huenda tayari."

Mama akamtazama mjukuu wake, mnene, udenda unamtiririka. (Udenda nao huvibeba.) "Mbona haumwi?"

Kwa sababu nilimpa kinga kabla sijampa maziwa. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma, nyingi zikipita miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyetimiza siku zake hukutana na virusi akiwa na silaha, na mwili wake hujifunza kuvidhibiti bila hata homa. Wa mdogo wangu alitoka wakati mzigo ndio kwanza unaanza kufungwa. Watoto wadogo namna hiyo baadhi yao huugua kweli: damu hupungua chembe sahani, ini husumbuka, kupumua hukatika. Kugandisha maziwa hupunguza virusi tu; nyuzi 62.5 kwa nusu saa huviua, lakini huondoa na sehemu ya kinga iliyomo. Ndiyo maana madaktari hawakubaliani, na hospitali nyingine huwapa watoto hao maziwa mabichi.

Mama alinyamaza kidogo. "Kumbe alitoka kabla hajafungiwa mzigo wake."

"Ndiyo."

"Basi mpigie mdogo wako. Mwambie aendelee kukamua, asiache hata siku moja."

Kesho yake asubuhi nilimsikia akimsimulia jirani kuhusu mjukuu wa Ulaya. Virusi hakuvitaja. Alisema huko kuna baridi kali, maziwa lazima yapashwe kwanza. Jirani akaafiki kwamba baridi ya huko si mchezo. Nikaendelea kupepeta mahindi.