Safu Isiyokuwamo Daftarini

Jumamosi moja alasiri nilikuwa dukani kwetu Biashara Street, hapa Mombasa, nikihesabu doti za leso zilizobaki, binti yangu alipoingia na mkoba begani na uso umemvimba. Alinisalimu kwa sauti ya chini, kisha akaweka karatasi mbele yangu.

"Baba, mimi mpira wa kikapu basi. Sichezi tena."

Ilikuwa nakala ya matokeo ya mechi yao ya shule, iliyochezwa Makande asubuhi ile. Timu yao ilishinda kwa pointi 4. Mbele ya jina lake palikuwa na sifuri. Wenzake walimtania njia nzima ndani ya matatu, wakimwita abiria.

Mpenzi msomaji, mechi ile niliitazama. Nilimwona mtoto yule akiruka na kudaka mipira iliyogonga ubao na kurudi, ile ambayo wachezaji huiita ribaundi, akiwapa wenzake wakafunge. Lakini karatasi rasmi inayojazwa mezani haina nafasi ya ribaundi. Ina pointi, faulo na mapumziko yanayoombwa na makocha. Kazi yake yote ya asubuhi ile haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia, "Keti nikupe hadithi ya daftari."

Nikamweleza kuhusu tarehe 1 Novemba 1946, mjini Toronto, Kanada, ilipochezwa mechi ya kwanza ya ligi ya kulipwa ambayo leo inajulikana kama NBA. New York Knickerbockers waliwashinda wenyeji, Toronto Huskies, 68 kwa 66, mbele ya watazamaji 7,090. Ili kuwavuta watu, wenyeji walitangaza kwamba yeyote anayempita kwa urefu mchezaji wao George Nostrand, wa futi 6 na inchi 8, angeingia bure. Hapo binti yangu akatabasamu kidogo.

Kikapu cha kwanza kilifungwa na Ossie Schectman wa New York, naye akamaliza na pointi 11. Mwenzake Leo Gottlieb alifunga 14. Aliyefunga nyingi kupita wote ni Ed Sadowski wa Toronto, pointi 18, na bado timu yake ikashindwa.

"Na ribaundi, nani alidaka nyingi?" akauliza.

"Hakuna ajuaye. Ligi ile ilianza kuziandika katika msimu wa 1950-51. Kuzuia mitupo na kupokonya mpira kulianza kuandikwa msimu wa 1973-74."

Nikamtajia Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 na kustaafu mwaka 1969. Ribaundi zake zimeandikwa: 21,620. Lakini mitupo aliyoizuia, kazi iliyomfanya aogopwe kuliko wote, haina jumla, kwa kuwa alistaafu kabla safu yake haijachorwa. Kisha nikamleta karibu na kwetu, Kigali, tarehe 16 Mei 2021, ligi ya Afrika, BAL, ilipozinduliwa. Patriots wa Rwanda waliwafunga Rivers Hoopers wa Nigeria 83 kwa 60. Mwanamuziki wa Marekani J. Cole aliwachezea Patriots, akaandikiwa pointi 3, ribaundi 3 na pasi 2 za kufungisha. Kwa daftari la 1946, zile ribaundi 3 zingepotea.

"Basi, mwanangu," nikamaliza kwa majivuno, "sifuri hii ni upungufu wa karatasi. Si upungufu wako."

Cherehani iliyokuwa ikilia nyuma ya duka ikanyamaza. Dada yangu mkubwa, ambaye bado hutukungia leso, akainua kichwa.

"Nduguyangu, wamfunza mtoto maneno mazuri," alisema. "Na daftari la baba, je?"

Nilihisi damu ikinipanda usoni.

Anayejua mtaa wetu anajua kwamba leso huuzwa kwa doti, mbili zimeshikana, na pindo zake hazijakungwa. Marehemu baba alikuwa na desturi ya kumkungia mteja bure. Mimi, nikiwa kidato cha kwanza, ndiye niliyeshika kalamu. Daftari lilikuwa na safu nne: tarehe, doti, bei na aliyeuza. Jina langu lilijaa katika safu ya nne. Dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alishinda kwenye cherehani kila alasiri, na jina lake halikuingia hata siku moja, kwani kazi ya bure haina bei. Nami nilijua kwamba wanawake wengi walipita maduka makubwa wakaja kwetu kwa sababu ya upindo wake, mwembamba na ulionyooka.

Mwaka mmoja biashara ililala, karo ikatosha mtoto mmoja. Baba, Mungu amrehemu, hakuwa dhalimu. Alifungua daftari, akafuata kidole chake safu hadi safu, akasema anayeliingizia duka pesa ndiye atakayesoma. Nilikuwa nimesimama pembeni, kalamu ikiwa mkononi mwangu. Neno moja lingetosha. Sikulisema.

Nilimaliza kidato cha nne. Dada yangu hakurudi darasani.

"Dada," nikamwuliza jioni ile mbele ya binti yangu, "unakadiria umekunga leso ngapi tangu siku zile?"

Akacheka. "Nani alizihesabu?"

Sikuwa na la kujibu. Niliomba radhi, nimechelewa kwa miaka mingi, naye akasema yamepita, ila huyu mtoto asiache mpira. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Makande na daftari jipya. Nilichora safu za ribaundi, pasi za kufungisha na mipira iliyopokonywa, si kwa binti yangu peke yake bali kwa timu nzima. Karatasi ya mezani ilimpa pointi 2. Daftari langu lilimpa ribaundi 11. Wale waliomwita abiria walinizunguka, kila mmoja akitaka kujua zake.

Dukani pia nimeongeza safu ya tano, ya aliyekunga, na malipo yake. Najua hairudishi karo ya dada yangu.

Nawe msomaji, leo Jumapili mkiwa mmekusanyika mezani, mtazame aliyepakua chakula. Nyumbani kwenu, kalamu iko mkononi mwa nani, na ni kazi ya nani isiyo na safu?