Hiyo 100% Siyo Kujaa, Usifute Picha!

Wadau, hili limezidi hapa Maore, acha nilimwage. Unawasha laptopu, inaamka taratibu kama ina malaria. Unabofya kitu, unaenda kuchota maji, unarudi bado inazunguka. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, na pale kwenye neno Disk unakuta 100%. Roho inaruka: "Mamaa, imejaa!" Unaanza kufuta.

Kuna dada mmoja hapa kwetu, jina namhifadhia, anapiga picha za harusi na misiba. Nilimkuta ameshafuta harusi tatu, na 100% iko palepale. Folda iliyofuata ilikuwa ya msiba wa mama yake mzazi. Nikamwambia, dada'angu, subiri kwanza. Tukafungua This PC: diski ya GB 500, zaidi ya nusu iko tupu!

Sikieni jamani. Ile asilimia haipimi nafasi, inapima muda ambao diski iko bize. Fikiria mama ntilie mmoja mwenye wateja hamsini. Sahani zipo tele, ila mikono ni miwili. Hata ukivunja sahani ishirini, foleni haipungui.

Hadi diski za zamani zina sahani inayozunguka, nyingi za laptopu mara 5400 kwa dakika, na kisindano kinachokimbia huku na kule kutafuta data. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, inafanya kazi nyingi chinichini bila kukuambia. Mashine ya mtumba yenye diski ya hivyo lazima ihemee juujuu.

Kwa hiyo kwanza mtafute mchawi. Kwenye Task Manager gusa neno Disk, programu inayokula zaidi itapanda juu. Kama ni Windows Update au antivairasi inakagua, ichomeke kwenye umeme, iache imalize, kanywe chai. Kama ni SysMain, ile iliyokuwa ikiitwa Superfetch, na inakusumbua kila siku, andika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia, isimamishe, uone. Kusipobadilika kitu, irudishe. Cheki na Memory: ikiwa nayo iko juu ya 90%, tatizo ni ramu ndogo, mashine inakopa nafasi kwenye diski. Funga zile tabu thelathini za Chrome, hauzisomi zote!

Sasa pa kuogopa. Disk inasoma 100% lakini kasi yake ni KB chache tu, halafu mashine inalia ka-ka-ka. Hapo diski inaelekea kufa. Usikimbilie kufomati, usianze hata chkdsk. Kopi kwanza vitu vyako. Ukishakopi, programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakupa hali yake: Good, Caution au Bad.

Ya yule dada ilisema Caution. Na fundi mmoja alikuwa ameshamwambia alete mashine ifomatiwe! Angeipeleka, mama angezikwa mara ya pili. Folda ya mama tulikuwa tumeshaihamishia kwenye diski ya nje kabla ya kitu kingine chochote. Harusi mbili tulizikuta bado zimo kwenye Recycle Bin. Ya tatu alikuwa ameishindilia Shift na Delete, na bwana harusi hajaambiwa mpaka leo. Ukijihisi, njoo inbox taratibu.

Kiukweli, dawa ya kudumu kwa mashine nyingi za hivi ni kuweka SSD. Haina kinachozunguka, na kompyuta ileile ya mtumba itakushangaza. Najua Wapare tunataniwa kwa kubana hela, lakini kabla ya kulipia laptopu nyingine, muulize fundi bei ya SSD na kama anaweza kuhamisha kila kitu kilivyo.

Ila leo, kabla ya SSD na kabla ya fundi, chomeka flashi au diski ya nje. Hamisha zile picha ambazo aliyepigwa hawezi kupigwa tena. Hayo mengine yote yanasubiri.