Sinia la Wengi

Mwalimu huingia darasani kufundisha, lakini mara nyingine hutoka amefundishwa. Jambo hili lilinifika katika chumba cha kompyuta cha chuo nilikokuwa nikifundisha, na aibu yake imekuwa faida kwangu.

Juu ya meza za chumba kile hapakuwa na kompyuta kamili. Palikuwa na skrini, kibodi na kisanduku kidogo; kompyuta zenyewe zilikuwa pepe, zote zikiendeshwa ndani ya seva moja katika chumba cha pili. Watu wanane tulishiriki kadi moja ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilianza kuzigawa kadi zake hivyo mwaka 2013.

Siku moja mwanafunzi wangu alikuwa akitengeneza ramani ya lahaja, naye kesho yake alikuwa na utetezi wa tasnifu. Kila alipoigeuza ramani, ilikwama. Nikamwambia mbele ya wenziwe kwamba amechelewa kujitayarisha. Akajibu kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, jana ilikwenda vizuri." Nikamwita fundi ili aje kunishuhudia.

Fundi akaeleza kuwa kadi hugawanywa kwa namna mbili. Kumbukumbu hukatwa mafungu, kila mtu gigabaiti 2, wala hapana awezaye kuingia katika fungu la mwenziwe. Lakini nguvu ya kukokotoa hutolewa kwa zamu za muda mfupi mno, na pale petu zamu hizo hazikuwekewa mipaka: mwenye kazi nzito alichukua zaidi. Nikaelewa kuwa tulikuwa kama watu wanaokula sinia moja la pilau: kila mlaji ana mahali pake pa kuketi, lakini mkono mwepesi humaliza nyama.

Fundi akatazama vipimo vyake, akasema taratibu kuwa mlaji mkubwa ni mimi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeuacha mfano mzito wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ukizunguka kwenye skrini yangu, si kwa kazi, bali kwa kuwa ulipendeza macho. Nikaufunga. Ramani ya binti yule ikageuka kama tiara upeponi. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wale niliomlaumu mbele yao.

Baadaye zamu ziliwekwa sawa kwa wote wenye kompyuta zinazofanya kazi. Usawa huo una gharama yake: nguvu ya asiyechora chochote hulala bure, wala jirani haongezewi. Lakini uhuru wa kwanza ulikuwa na gharama kubwa zaidi, nao aliulipa mpole.

Kionekanacho hugombewa, na mgombewa hujua kuwa amenyang'anywa. Kisichoonekana huliwa kimya kimya, na mlaji hujiona mwema. Mimi nilijiona hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri.