Barua ya Wito Huhesabu Mmoja

Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema. Kaisari Klaudio alipowaamuru Wayahudi waondoke Rumi, walifunga mizigo wakaenda Korintho, na kazi yao ikaenda nao. Huko wakampokea Paulo, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja, na baadaye wakasafiri naye mpaka Efeso. Katika safari zote hizo hatusomi kwamba mmoja wao aliambiwa kuwa hema anaruhusiwa kulishona Korintho tu. Habari hii huhubiriwa sana kwenye ndoa, na mmoja wetu ameihubiri mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Siku hizi tukiisoma tunajiuliza: je, kama Prisila angekuwa daktari?

Tunaandika kama watu wawili. Kalamu ameishika mchungaji, lakini daktari amesoma kila aya na ameshafuta mbili. Sisi ni mume na mke, Walutheri, wenye watoto wawili. Mchungaji alisoma chuo cha theolojia, akatumika sharikani. Daktari alifanya kazi miaka tisa katika hospitali ya kanisa, na huko wagonjwa walimwita Dokta. Jumapili, akivuka barabara kuingia kanisani, watu wale wale walimwita Mama Mchungaji. Kanisa rafiki la Ujerumani lilipoomba mchungaji wa kutumika kwao miaka mitatu, barua ya wito ilimtaja mchungaji kwa majina yake yote matatu, kisha ikaongeza maneno mawili: "pamoja na familia". Ndani ya maneno hayo mawili alikuwamo daktari.

Ujerumani ina majimbo 16. Hatusemi jimbo kama la mkuu wa jimbo katika dayosisi zetu. Hili ni la serikali, lina bunge lake na waziri mkuu wake, na masuala ya vibali vya madaktari yako mikononi mwa ofisi zake. Sheria ya nchi nzima inatambua vibali viwili. Kuna leseni kamili, wanayoiita Approbation, ambayo mtu akiipata anatibu popote nchini mpaka anastaafu. Na kuna kibali cha muda, Berufserlaubnis, ambacho kwa kawaida hakizidi miaka miwili kwa jumla, na ambacho chaweza kufungwa kwa kazi fulani na mahali fulani. Daktari aliyesoma nje ya Umoja wa Ulaya mara nyingi huanza na hicho cha muda, huku masomo yake yakilinganishwa moja moja na yale ya Kijerumani. Yakionekana kupungua, anaitwa kwenye mtihani wa ujuzi, kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya watahini.

Tuliwekwa Erfurt, mji ambao Luther alisoma chuo kikuu na baadaye akaingia utawa. Mji huo uko jimbo la Thüringen. Daktari alikaa darasa la Kijerumani miezi mingi, akafanya mtihani wa lugha ya kitabibu: dakika 20 za kumhoji mgonjwa, 20 za kuandika ripoti, 20 za kumweleza daktari mwenzake. Akapata kibali cha muda, na kazi katika hospitali ya mji mdogo karibu na Erfurt. Wodini walikuwapo Msiria na Mromania, na Wajerumani wachache, wengi wao wakikaribia kustaafu. Mtihani haukumwandaa kwa bibi wa kwanza aliyemwambia, "Nina mgongo." Alidhani hajasikia vizuri. Kumbe ndivyo wasemavyo mgongo ukiuma. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeumwa mgongo, tunao tu.

Jambo ambalo hatujaacha kulistaajabia ni kwamba kibali chake cha kuishi, kama mke wa mtu aliyeajiriwa nchini, hakikuwa na mpaka wowote. Kilimruhusu kazi yoyote, jimbo lolote. Angeweza kuosha vyombo hotelini Hamburg kesho yake asubuhi. Kumwandikia mgonjwa dawa nje ya Thüringen hakuweza.

Mwezi wa kumi na tano tuliombwa kuhama. Sharika za vijijini kuzunguka Torgau zilikuwa zimekosa mchungaji, na waliotuomba walituomba kwa upole na kwa haki, kwani wazee wa huko walikuwa wakizikwa na mchungaji wa kuazima. Mipaka ya kanisa lililotupokea haifuati mipaka ya majimbo; ilichorwa na historia nyingine. Hivyo mchungaji aliweza kuhama bila kuvuka chochote. Ila Torgau iko Sachsen, na kibali cha daktari kiliishia Thüringen.

Njia ya kisheria ilikuwapo. Angeomba upya huko Sachsen, akiwa na barua ya mwajiri mpya, na jalada lake lihamishwe kutoka ofisi hadi ofisi, na asubiri. Lakini miaka miwili ya kibali cha muda haianzi upya kwa kuhama, na mtihani wa ujuzi alikuwa ameshaombea Erfurt. Tulikaa mezani na kalenda usiku mwingi. Mchungaji angeweza kukataa vijiji vile. Daktari angeweza kuacha wodi na kumfuata mumewe, na hakuna mtu, huku wala nyumbani, ambaye angeshangaa. Wengi wangesema ndivyo mke mwema afanyavyo. Siku ya tatu daktari alisema, "Baba, mimi nimeshaacha wodi moja kuja hapa. Ya pili siiachi kwa sababu ya mstari kwenye ramani. Wewe nenda, watu wako wanakusubiri."

Akaenda. Tuliishi mbali miezi kumi na mmoja, watoto wakiwa na mama yao kwa sababu ya shule. Ukitazama ratiba ya treni, Erfurt na Torgau si mbali: unabadilisha Leipzig, unafika. Lakini mchungaji hana Jumamosi wala Jumapili. Siku yake ya kupumzika ni Jumatatu, na Jumatatu watoto wako darasani, na daktari aliyelala zamu ya usiku amefunga mapazia. Kuna Jumatatu tulizoonana saa mbili. Tulijifunza kusali kwa simu, mmoja jikoni, mwingine kwenye benchi la stesheni. Sala nyingine zilikatika katikati kwa sababu treni imeingia, na hatukuzirudia.

Katika kanisa la Mt. Maria huko Torgau kuna kaburi la Katharina von Bora, mke wa Luther. Alikuwa akikimbia tauni Wittenberg mwaka 1552, akaumia njiani karibu na mji huo, akafa Desemba. Miaka sita kabla yake mumewe alikuwa amefia Eisleben, safarini, yeye akiwa nyumbani. Mchungaji alipita mbele ya jiwe lile mara nyingi. Haikuwa faraja hasa. Ila ilituzuia kudhani kwamba sisi ndio wa kwanza. Mzee mmoja wa usharika, aliyezaliwa upande wa mashariki, alituambia kwamba mpaka uliomtenga na dada yake ulikuwa na waya na mbwa kwa miaka 28. "Wenu," alisema, "hauna hata mbwa." Kisha akatuletea viazi gunia zima.

Hatutaki kuandika kana kwamba kila sharti la mahali ni dhuluma. Australia, tangu 1997, humtaka daktari aliyesoma nje afanye kazi penye upungufu, hata kwa miaka kumi, ili bima ya taifa iwalipie wagonjwa wake. Marekani humsamehe daktari mgeni kurudi kwao baada ya mafunzo akikubali kutumika miaka mitatu mahali penye uhaba. Wajerumani nao huwafunga watoto wao wenyewe: tangu 2019 jimbo la Nordrhein-Westfalen limetenga nafasi za udaktari kwa vijana wanaoahidi kufanya kazi vijijini miaka kumi. Sisi tunaotoka nchi ambayo madaktari hulundikana Dar es Salaam tutasemaje? Kijiji kisicho na daktari kina haki ya kudai. Na kwetu pia kuna mwalimu na muuguzi wanaojua maana ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, wakizungusha fomu kutoka kwa mkurugenzi mmoja hadi mwingine huku mtoto akianza kutembea.

Lakini sharti letu halikuzaliwa na kijiji chochote. Torgau nako wagonjwa walimhitaji daktari kama walivyomhitaji kule alikokuwa. Lilikuwa sharti la majalada. Na hata hivyo, serikali ya wageni hatuilaumu sana kwa kutotujua. Kanisa lilitujua. Ndilo lililotufungisha ndoa, ndilo lililomlipa daktari mshahara miaka tisa, na lilipoandika barua ya wito lilihesabu mtu mmoja. Kama lingehesabu wawili, maswali yangekuja mapema: tunapelekwa jimbo gani, vyeti vya daktari vianze kutafsiriwa lini, na je, mchungaji akihamishwa katikati ya miaka mitatu, anahamia wapi? Hayo hayahitaji theolojia mpya. Yanahitaji bahasha moja zaidi. Luka anapoandika kwamba hao mafundi wa mahema walisafiri na Paulo kutoka Korintho, Prisila anamtaja kwanza, kabla ya mumewe, na Paulo hufanya vivyo hivyo anapowasalimu Warumi.

Daktari alifaulu mtihani wa ujuzi mwezi wa ishirini na sita. Leseni kamili ilikuja kwa posta, karatasi moja tu, nzito kidogo. Alipata nafasi upande wa Torgau, na miezi minane ya mwisho tulilala nyumba moja.

Tumerudi. Daktari yuko wodini kwake, na wagonjwa humwuliza mgongo kwa Kijerumani unaitwaje. Mwaka huu kanisa rafiki limeomba mchungaji mwingine. Aliyependekezwa ana mke muuguzi. Mchungaji wetu alikuwa kwenye kikao, akaomba barua isisainiwe kabla mama huyo hajaitwa. Wajumbe wawili walinong'ona. Akaitwa. Alikuja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akaketi, akauliza swali moja: jimbo gani? Hakuna aliyejua. Barua bado iko mezani.