Saa Iliyo Kichwani

Mvuvi wa dagaa wa Kasanga ana adui mmoja asiyeonekana. Upepo wa Ziwa Tanganyika aujua, na mawimbi ayajua. Lakini usingizi wa saa kumi alfajiri humjia bila hodi, wakati ule ule wavu unapongoja kuvutwa, na maji hayana msamaha kwa aliyesinzia.

Asili ya usingizi huo si uvivu. Katika sakafu ya ubongo, juu tu ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, pana viini viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo ndivyo saa ya mwili. Huamuru joto la mwili lipande mchana na kushuka usiku, na homoni ya melatonini imwagike giza linapoingia. Mwaka 1972 wataalamu waliviharibu viini hivyo katika panya, nao panya wakapoteza utaratibu wa kulala na kuamka. Mwaka 1990 viini vya hamsta mwenye siku fupi vilipandikizwa katika mwenziwe aliyenyang'anywa vyake. Aliyepandikizwa akaishi kwa mwendo wa yule aliyevitoa.

Lakini saa hiyo si kamili. Mwanadamu akikaa gizani, siku yake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Nuru ya asubuhi, ikipita machoni, huirekebisha. Ni kama kwamba ubongo nao huhesabu kwa Kiswahili, ambacho saa zake za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza.

Hapo ndipo penye taabu ya mvuvi. Arudipo ufukoni, jua hutokea nyuma ya milima ya Ufipa na kuviambia viini vyake kwamba siku imeanza, hali yeye ataka kulala. Usingizi wake huwa mfupi na wa kukatikakatika. Ukija mbalamwezi, taa zake hushindwa kuwavuta dagaa, naye hupumzika. Mwili hurudia desturi ya watu wote. Giza lirudipo, vita huanza upya.

Jirani amwonaye amelala saa nne asubuhi humwita mvivu, kisha jioni hununua dagaa wake. Haki ya mfanya kazi wa usiku haiishi katika bei ya samaki. Chumba chenye giza na watoto walioambiwa wanyamaze ni sehemu ya ujira wake.